Kuvunjiwa jiwe la mkojo kwa mawimbi ya mshtuko wakati wa dharura: uzoefu wangu

Mwenye jiwe lililokwama mara nyingi hupewa dawa za maumivu na tarehe ya kurudi. Mimi niliambiwa jiwe linaweza kuvunjwa mapema kwa mawimbi ya mshtuko, yaani mapigo makali ya sauti yanayopitishwa kutoka nje ya mwili, figo ikiwa bado imevimba kwa mkojo uliozuiwa. Nilikubali, na ningekubali tena.

Lilikuwa la milimita 8, limenasa sehemu ya juu ya mrija unaoshusha mkojo kutoka figoni hadi kwenye kibofu. Chini ya milimita 5, mawe mengi hutoka yenyewe. Likizidi milimita 10, madaktari wengi huona afadhali kamera ipitishwe njia ya mkojo na jiwe livunjwe kwa leza. La kwangu lilikuwa katikati. Maumivu ya ubavu yaliteremka hadi kinenani, yakaja na kutapika, na hakuna namna ya kulala iliyosaidia. Sindano ya diklofenaki ndiyo iliyonipa utulivu wa kusikiliza maelezo.

Maelezo hayo nayathamini kuliko hata mashine yenyewe. Nilipimwa homa, mkojo na damu kwanza. Kama figo imeziba na kuna maambukizi, daktari alisema, mawimbi hayapigwi: figo hufunguliwa njia haraka kwa mrija mwembamba wa plastiki, kwa kuwa vijidudu vikiingia kwenye damu vinaua. Mjamzito hapigwi. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda hapigwi mpaka jambo hilo lishughulikiwe. Kisha CT skani ikaonyesha ugumu wa jiwe, maana yapo mawe, kama ya sistini (kijenzi kimojawapo cha protini), ambayo ni sugu kwa mawimbi. Mtu akitaka kukulaza kwenye mashine bila kukuuliza lolote kati ya hayo, mkatalie.

Sikupigwa nusukaputi, nilipewa dawa ya maumivu tu. Mfuko wa maji uliopakwa jeli ulibanwa ubavuni, eksirei ikalitafuta jiwe, mapigo yakaanza. Yalianza kwa nguvu ndogo, ikaongezwa polepole. Kila pigo lina mlio mkavu na maumivu kama ya kuchapwa na mpira wa manati kwenye ngozi. Nguvu ilipopanda nilihisi uzito hadi ndani. Nilitamani waharakishe. Mtaalamu wa mashine akanieleza kwamba mapigo 60 kwa dakika huvunja jiwe vizuri kuliko ya kasi, na hayaiumizi figo sana. Kwa mapigo yanayokaribia 3,000, piga hesabu mwenyewe utakaa pale muda gani. Kazi kubwa ni kutulia, kwa sababu ukijisogeza jiwe linatoka kwenye shabaha.

Hapa nina lawama. Siku zinazofuata hazikuelezwa vya kutosha, nazo ndizo ngumu. Mkojo ulitoka na damu, ubavu ukavilia, na maumivu yakarudi vipande vilipoanza kushuka. Vipande vinaweza kufuatana na kuziba mrija upya, kwa hiyo homa, kutetemeka kwa baridi, au mkojo kukata ni sababu ya kurudi hospitali usiku huohuo, si kesho. Mgonjwa anapaswa kuondoka na maneno hayo yameandikwa kwenye karatasi.

Kuhusu leza: humaliza jiwe kwa mara moja kwa wagonjwa wengi zaidi, na mawimbi huenda yakahitaji kurudiwa. Lakini leza kwa kawaida huhitaji nusukaputi, na mara nyingi unaachiwa mrija wa plastiki ndani kwa muda. Mimi nilipendelea kutoingiziwa kitu, na kwa jiwe la ukubwa ule nadhani ni uamuzi wenye mantiki.

Picha ya marudio ilionyesha mrija uko wazi na uvimbe wa figo umekwisha. Omba chujio la mkojo, uhifadhi vipande na uvipeleke maabara. Vyangu vilikuwa vya kalisiamu oksaleti, na kwa msingi huo nimepangiwa kupunguza chumvi na kunywa maji ya kutosha kutoa mkojo wa lita 2.5 kwa siku.