Krimu ya urea kwa magaga: uzoefu wangu nikiwa na kisukari

Nina kisukari, naishi Tanga, na visigino vyangu vilipasuka magaga ya kuingia ukucha. Muuguzi wa kliniki alinigusagusa nyayo kwa uzi wa plastiki, akakuta sehemu nyingine sihisi kitu. Ndipo akaniambia nitafute krimu yenye urea asilimia 10, na ndiyo ninayotumia hadi leo.

Kwa magaga inafanya kazi kweli, kuliko mafuta ya mgando. Yale yanazuia tu maji yasitoke. Urea inavuta maji na kulainisha ngozi ngumu. Kisukari kikishaharibu neva za miguu hata jasho hupungua, ngozi inakauka, kwa hiyo kupaka leo na kuacha wiki nzima hakusaidii.

Mimi napaka usiku nikishaswali Isha, kwa sababu mchana miguu inapata maji ya udhu mara kwa mara. Kwanza naikausha kwa kitambaa cha pamba, kidole kwa kidole. Katikati ya vidole sipaki kabisa. Unyevu ukijificha pale, fangasi wanaanza. Halafu naweka kioo kidogo sakafuni na kuangalia unyayo wote: lengelenge, wekundu, mchubuko, hata kijiwe kilichonasa kwenye ufa. Kwa mguu wenye ganzi, kuangalia huku kuna thamani kuliko krimu yenyewe.

Kasoro zipo. Tyubu ni ndogo na bei imechangamka. Zenye manukato ziliniwasha, sasa nachukua isiyo na harufu. Tena inateleza kwenye vigae, basi navaa soksi nyeupe za pamba zisizobana; kidonda kikitoa majimaji, doa linaonekana asubuhi.

Muuza duka aliwahi kunishauri ya asilimia 40, eti inamaliza haraka. Nilikataa. Ile inamenya ngozi, na kwa mguu usiohisi hiyo ni kazi ya kusimamiwa na daktari. Na wenzangu mnaokwangua magaga kwa wembe, nawaomba sana mwache. Ndugu zetu wamekatwa miguu kwa vidonda vilivyoanza vidogo tu.

Naipendekeza kwa ngozi kavu isiyo na jeraha. Ufa ukitoa damu, au ukiona kidonda chochote, weka tyubu pembeni uende kliniki siku hiyohiyo, hata kama hakiumi.