Kiatu cha Kamba cha Mtoto: Tazama Mabawa Kabla ya Rangi

Karibuni tena, watazamaji. Mezani leo ni kiatu cha ngozi cha mtoto, cha kufunga kwa kamba. Ngozi ya ng'ombe, soli ya mpira, hayo mnayajua. Macho yawe hapa, kwenye mabawa mawili yenye matundu, yaani vile vipande viwili vya ngozi vya kushoto na kulia vinavyovutwa na kamba.

Nalegeza kamba mpaka chini. Mnaona? Mabawa yameshonwa juu ya ngozi ya mbele, kwa hiyo yanapanuka yote na ulimi unalala mbele. Mguu wa mtoto ni mnene huku juu, lakini hapa unaingia wenyewe. Sasa hiki kingine: mabawa yameshonewa chini ya ngozi ya mbele. Kizuri kwa macho, ila hakipanuki! Mtoto atashindilia mguu, na mshono huu chini ya tundu la mwisho ndio utakaofumuka kwanza. Hata kiwe cha bei kubwa, kwa mtoto sikitaki.

Tufunge. Gonga kisigino sakafuni ili mguu urudi nyuma, kisha kaza kamba kuanzia tundu la chini, pindo moja baada ya jingine. Kati ya mabawa ibaki kama sentimita 1. Yakigusana siku ya kwanza, ngozi ikishalegea huna tena pa kukazia.

Halafu hizi ringi za chuma, jamani! Zamani matundu yalizungushiwa uzi tu, kamba ikiyala polepole. Hataza, yaani haki ya uvumbuzi, ya ringi za chuma aliipata Thomas Rogers, Uingereza, mwaka 1823. Enzi hizo bado vilivaliwa viatu visivyo na kulia wala kushoto, watoto wakiwemo. Baadaye Marekani wakavisha ncha za viatu vya watoto shaba, maana ndipo wanapotoboa. Natamani irudi! Na bei? Mwaka 1883 Jan Matzeliger, mzaliwa wa Suriname, alipata hataza Marekani ya mashine ya kuvuta ngozi juu ya kalibu (umbo la mguu la kutengenezea kiatu), iliyokuwa kazi ngumu ya mikono, na viatu vikawa nafuu.

Mlioomba viatu vya velkro, ule mkanda wa kunata, video inafuata. Velkro ni ya haraka, ila hujaa nyuzi na vumbi, na hukaza sehemu mbili tatu tu, wakati kamba hukaza kila tundu.

Ukienda kununua, mtoto asimame, pima miguu yote miwili, fuata ule mkubwa, na acha milimita 12 hivi mbele ya kidole kirefu.