Bima ya ajira ya Kanada: tathmini ya mtu aliyepunguzwa ghalani

Mapema mwaka 2024, ghala nililokuwa nikibebea maboksi huko Brampton, Ontario, lilifunga zamu nzima ya usiku, na kwa mara ya kwanza tangu nihamie Kanada nikalazimika kutumia huduma ambayo nilikuwa nikiilipia kila siku ya mshahara bila hata kuitazama kwenye hati ya malipo. Huduma hiyo ni bima ya ajira ya serikali ya shirikisho, inayotolewa kupitia Service Canada, ofisi ya huduma za serikali hiyo kwa wananchi, na ninaitathmini kwa ajili ya ndugu wanaokatwa mchango ule ule bila kujua unawapa haki gani.

Jina lenyewe linapotosha. Ilipoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1940, baada ya Katiba kurekebishwa ili kuipa serikali kuu mamlaka hayo, iliitwa bima ya ukosefu wa ajira. Mwaka 1996 ikabadilishwa na kuitwa bima ya ajira, kana kwamba anayelipwa ndiye aliye kazini. Neno la kushika hapo ni bima. Mtanzania aliyekulia katika mabishano ya fao la kujitoa, yaani kurudishiwa michango yako ya hifadhi ya jamii unapoacha kazi, huingia humu akidhani kwamba ana akiba yake mahali fulani, na ndiyo maana baadhi yetu huuliza mbona wamechangia miaka mingi na hawarudishiwi chochote siku wanapoacha kazi. Hakuna cha kurudishiwa, kama ambavyo hakuna anayedai bima ya gari ambalo halijagongwa. Mwaka 2024 mfanyakazi alichangia dola 1.66 kwa kila dola 100 za mshahara, na mwajiri akatoa mara 1.4 ya kiasi hicho. Mimi nilikuwa nikipata dola 760 kwa wiki, hivyo nilikatwa dola 12 na senti 62, fedha ambayo sikuwahi kuisikia ikiondoka.

Sharti la kwanza linahesabiwa kwa saa. Mwombaji anatakiwa awe amefanya kazi kati ya saa 420 na 700 katika wiki 52 zilizopita, kutegemea ukali wa ukosefu wa ajira katika eneo analoishi, na mwenye saa 40 kwa wiki hufikia hata kiwango cha juu kabisa ndani ya wiki 18. Hesabu hiyo hiyo ya saa na hali ya eneo ndiyo huamua muda wa kulipwa, ambao ni wiki 14 hadi 45. Malipo yenyewe ni asilimia 55 ya wastani wa mshahara wa wiki, na kikomo kwa mwaka 2024 kilikuwa dola 668. Kwangu mimi ilitoka dola 418 kabla ya kodi. Kwa kulinganisha tu, fao la kukosa ajira la NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii kule nyumbani Tanzania, hulipa takribani theluthi moja ya mshahara kwa miezi 6 kwa aliyechangia angalau miezi 18, kwa hiyo siwezi kusema kwamba Kanada ni wabahili, ingawa kodi ya chumba Brampton haijui asilimia 55 ni nini.

Sehemu inayostahili kuelezwa kwa kirefu ni karatasi moja ambayo mwombaji hata haijazi yeye. Mwajiri analazimika kuandaa rekodi ya ajira inayoonyesha saa, mapato na sababu ya kazi kukoma, na sababu hiyo huandikwa kwa herufi moja katika kisanduku cha 16. Herufi A inamaanisha kazi zimepungua au mkataba umekwisha, E kwamba mfanyakazi ameacha kazi mwenyewe, na M kwamba amefukuzwa. Aliyepunguzwa hulipwa, aliyeacha kwa hiari bila sababu inayokubalika kisheria, au aliyefukuzwa kwa utovu wa nidhamu, hapati. Kampuni yangu ya zamani, ambayo sitaitaja, iliniandikia E, na nisingejua kama rafiki niliyefanya naye zamu moja hangenishauri nifungue akaunti yangu mtandaoni na kuikagua rekodi hiyo kwa macho yangu. Nilipompigia karani wa mishahara alicheka, akaniomba radhi, akasema walinakili vibaya, na siku tatu baadaye rekodi iliyosahihishwa ikaonekana. Kicheko chake kile kingeweza kunigharimu miezi ya kula. Aliyenyimwa mafao anaweza kuomba uamuzi uangaliwe upya ndani ya siku 30, na baada ya hapo kukata rufaa kwenye baraza la hifadhi ya jamii, lakini ni nafuu kuikamata herufi kabla haijawa kesi.

Kosa jingine ambalo nimeliona kwa wenzetu ni kusubiri karatasi hiyo ndipo waombe. Maombi yatumwe mara tu kazi inapokoma, kwa sababu anayechelewa zaidi ya wiki 4 tangu siku yake ya mwisho kazini anaweza kupoteza sehemu ya mafao, ilhali rekodi inaweza kufuata baadaye.

Baada ya kukubaliwa, kila wiki mbili mtu hujaza ripoti mtandaoni au kwa simu. Maswali ni machache: je, ulifanya kazi, ulipokea fedha yoyote, ulikuwa tayari na uwezo wa kufanya kazi kila siku kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa, ulitoka nje ya Kanada? Ripoti yangu haikuwahi kuzidi dakika tano. Nilipenda zaidi kwamba kibarua hakikuadhibiwa: wiki niliyopata dola 200 kwa kusaidia jikoni kwenye harusi, mafao yalipungua kwa dola 100 tu, na wiki hiyo nikaondoka na dola 518. Anayeficha kibarua cha namna hiyo hupoteza zaidi ya anachookoa, maana fedha iliyolipwa zaidi hudaiwa, na adhabu juu yake.

Kasoro kubwa iko mwanzoni. Wiki ya kwanza hailipwi, na lengo la Service Canada ni kutoa malipo ya kwanza ndani ya siku 28, muda ambao mwenye nyumba amekwisha kubisha hodi. Fedha ya likizo na kiinua mgongo navyo husogeza mbele siku ya kuanza kulipwa. Mwaka 2025, ushuru wa Marekani ulipoanza kutikisa viwanda, serikali ilisitisha kwa muda wiki hiyo na kanuni hiyo ya kiinua mgongo, jambo linaloonyesha kwamba hata wenyewe wanajua pale panauma. Kasoro ya pili inawagusa wengi wetu wanaoendesha teksi za mtandaoni: anayehesabiwa kuwa amejiajiri hana mafao ya kupoteza kazi, hata kama ameendesha saa 70 kwa wiki. Kwa sababu hizo mbili ninaipa huduma hii nyota tatu na nusu kati ya tano.

Kuna jambo moja ambalo si kasoro ya ofisi yoyote lakini lazima mtu alijue kabla halijamkuta. Mafao haya hayalipwi kwa aliye nje ya nchi, isipokuwa kwa sababu chache, na mazishi ya mzazi ni mojawapo: siku 7 mfululizo, mradi utoe taarifa. Kutoka Toronto hadi Tanga, ukihesabu kubadilisha ndege na basi la kutoka Dar es Salaam, siku mbili zinaishia njiani kwenda na mbili kurudi. Zinazobaki ni tatu, na arobaini utaisomea ukiwa Brampton.