Ngome ya Windows: mlango wa kuingilia una mlinzi, wa kutokea hauna

Anayenunua kompyuta yenye Windows 10 au Windows 11 huwa amepata pamoja nayo, pengine bila kujua, ngome ya mtandao (programu inayoamua muunganisho upi upite na upi uzuiwe) iitwayo Windows Firewall, ambayo haina malipo ya ziada na huwa imewashwa tangu siku ya kwanza. Swali linaloulizwa sana ni kama inatosha au kama kuna haja ya kununua nyingine. Kwa kompyuta ya nyumbani au ya ofisi ndogo isiyo na fundi wake wa mtandao, jibu langu ni kwamba inatosha, ila ina tabia mbili ambazo mwenye kompyuta anapaswa kuzifahamu kabla hajailalia usingizi.

Sifa yake kubwa ni hiyo ya kuja ikiwa imewashwa, na haikuwa hivyo tangu zamani. Windows XP ilipotoka mwaka 2001 ilikuwa na ngome yake, lakini ilikuwa imezimwa, na watumiaji wengi hawakujua hata mahali pa kuiwashia. Agosti 2003 kirusi cha Blaster kilisambaa kupitia poti 135 (poti ni mlango wenye namba ambao programu huutumia kuwasiliana mtandaoni) katika kompyuta ambazo hazikuwa zimewekewa sasisho ambalo Microsoft ilikuwa imelitoa mwezi mmoja kabla. Mwathirika hakuhitaji kufungua barua pepe wala kubofya chochote, kwa sababu kuunganishwa na intaneti pekee kulitosha kumponza. Mwaka uliofuata kikaja Sasser kwa mtindo uleule, na Agosti 2004 Microsoft ikatoa Service Pack 2, sasisho kubwa la Windows XP lililoiwasha ngome bila kumsubiri mtumiaji. Hadi leo macOS ya Apple na Ubuntu, mfumo wa bure wa familia ya Linux, huja na ngome zilizozimwa, ingawa Ubuntu ina hoja yake, kwamba kompyuta mpya ya mezani yenye mfumo huo haina huduma nyingi zinazosubiri kuitwa kutoka nje.

Kazi ya kuzuia wanaoingia inafanywa vizuri. Muunganisho wowote unaoanzia nje hukataliwa isipokuwa uwe na kanuni inayouruhusu, na kanuni hizo hutegemea aina ya mtandao: wa binafsi, wa umma, au wa taasisi yenye seva kuu. Ukiwa kwenye Wi-Fi ya hoteli au ya uwanja wa ndege na umechagua mtandao wa umma, kompyuta za wageni wengine haziwezi kuiona yako kirahisi wala kufikia mafaili uliyoyashiriki nyumbani. Sijaona ikiipunguzia kompyuta kasi, hata ile ya zamani.

Tabia ya kwanza iko upande wa kutoka, na huko ndiko kwenye udhaifu. Tangu Windows Vista ngome hii ina uwezo wa kuzuia programu isitume kitu nje, lakini kwa mipangilio ya kawaida kila kinachotaka kutoka huruhusiwa, isipokuwa pale mtu alipoweka kanuni ya kukizuia. Maana yake ni kwamba programu ya kijasusi iliyokwisha kuingia, labda kwa kuambatana na programu iliyonakiliwa bila leseni uliyopewa kwenye flashi, inaweza kuwasiliana na bwana wake bila kuulizwa. Hata pasipo majasusi, mtu anayetumia kifurushi cha simu kuunganisha kompyuta anaweza kukuta MB zake zimeliwa na programu zinazojisasisha kimyakimya, na ngome isimwambie neno. Ukienda kwenye mipangilio ya kitaalamu, ambayo hufunguka kwa kuandika wf.msc, unaweza kuamuru kila kinachotoka kizuiwe. Ila hapo hata kivinjari kinaweza kukatika, na hakuna dirisha litakalokuuliza ni programu ipi uiachie. Anayetaka udhibiti huo bila kuandika kanuni mojamoja afikirie TinyWall, programu ya bure.

Tabia ya pili ni lile dirisha linalotokea pale programu inapotaka kupokea miunganisho kwa mara ya kwanza. Linauliza kama uiruhusu, mara nyingi wakati mtu ana haraka ya kuanza mkutano wa video au mchezo, naye hubofya kinachomjia mkononi. Akilifunga au akikataa, Windows huandika kanuni ya kuzuia na kunyamaza, na siku nyingine programu ikigoma hakuna anayekumbuka chanzo. Wengi huongeza kanuni ya kuruhusu na kushangaa kwamba hakuna kilichobadilika; sababu ni kwamba kanuni ya kuzuia huishinda ya kuruhusu, kwa hiyo ni lazima ile ya kwanza ifutwe. Upande mwingine, programu inayosakinishwa kwa ruhusa ya msimamizi inaweza kujiandikia kanuni yenyewe bila kukuuliza, na baadhi ya kanuni hizo hubaki hata baada ya programu kuondolewa. Daftari la kumbukumbu ambalo lingesaidia kufuatilia haya yote huja likiwa halijawashwa, na ukiliwasha ni faili la maandishi makavu.

Isitwishwe pia kazi isiyo yake. Kirusi cha WannaCry cha Mei 2017 kiliruka kutoka kompyuta hadi kompyuta kupitia poti 445, ambayo ndiyo inayotumika kushiriki mafaili, na ofisi iliyokwisha kuifungua poti hiyo ili kompyuta zake zipeane mafaili ilikuwa imeifungulia njia na hatari hiyo. Kilichokosekana hapo ni sasisho lililotolewa Machi mwaka huohuo.

Kwa sababu hizo siafikiani na ushauri wa baadhi ya mafundi wa kuizima ngome kila printa au mchezo unapogoma, na kusimamisha huduma yake kabisa ni kubaya zaidi: Microsoft yenyewe inaonya kwamba menyu ya Start inaweza kuacha kufanya kazi na programu za kisasa zikashindwa kusakinishwa. Kanuni zikiwa zimevurugika, kuna kitufe cha kurejesha mipangilio ya awali. Kinafuta hata kanuni ulizoandika kwa mkono wako, hivyo zihifadhi kwanza kwenye faili kupitia wf.msc, kisha uwe tayari kujibu upya madirisha ya programu zako, safari hii kwa kusoma kila moja.