Kuchoma DVD nyumbani: nini cha kununua na nini cha kuacha dukani

Shangazi yangu wa Busia hana simu ya kugusa. Ana runinga ya kichogo na deki ya DVD inayofunikwa kitambaa cha kufuma kila jioni. Binamu yetu alipofanya kwanjula (sherehe ya Kiganda ya utambulisho kabla ya harusi) kule Masaka, mpiga video aliweka kazi yake mtandaoni na vijana wote wakaitazama kwenye simu siku hiyo hiyo. Shangazi akanipigia: "Baba, na mimi nitamwona bibi harusi lini?"

Nikapakua faili, nikanunua DVD tupu moja barabarani, nikaichoma, nikampa kondakta wa basi. Kesho yake shangazi akasema deki imeandika kwamba hakuna diski. Nilichoma ya pili, ikawa vile vile. Mpaka ya tatu inashika nilikuwa nimeshatumia pesa ambazo zingetosha kununua vifaa vya maana tangu mwanzo, na vingine nilivyonunua sikuwa navihitaji hata kidogo. Ndiyo sababu naandika mwongozo huu. Bei sitaziandika kwa sababu hutofautiana duka na duka. Nitapanga tu lipi lianze na lipi lifuate.

Kwanza kamtazame atakayetazama

Kabla hujatoa hata shilingi, uliza deki itakayocheza diski ikoje. Mpigie mwenye nayo, mwambie asome maneno yaliyoandikwa usoni mwa deki. Ukisikia "DVD" peke yake, una kazi ya kubadili video kuwa DVD kamili. Ukisikia "DivX" au "MPEG-4", deki inaweza kusoma pia faili za AVI zilizochomwa jinsi zilivyo. Na kama kuna tundu la USB mbele, huenda huhitaji kuchoma chochote.

DVD ya kuchezwa kwenye deki si faili la video lililowekwa ndani ya diski. Ni folda iitwayo VIDEO_TS, na picha yake lazima iwe MPEG-2 ya mistari 576 kwa mfumo wa runinga wa PAL, ambao ndio wetu Uganda, au 480 kwa NTSC. Simu na YouTube hutoa MP4, jambo jingine kabisa. Windows nayo inakuchanganya: ukiingiza diski tupu inakuuliza kama unataka kuitumia kama flashi au kwa deki ya CD na DVD. Unachagua ya pili ukidhani umemaliza kazi, kumbe imekunakilia faili tu. Diski zangu mbili za kwanza zilifia hapo.

Nafasi ya kwanza: flashi, kama deki ina tundu

Najua ulikuja kutafuta habari za DVD. Hata hivyo, flashi ya GB 16 au 32 ni bei nafuu, huitumii mara moja ukaitupa, na haikwaruziki. Usivuke 32. Deki nyingi zinasoma flashi ya FAT32 tu (mpangilio wa kuhifadhi faili), na Windows kwa kawaida hukataa kuipa FAT32 flashi inayozidi ukubwa huo. FAT32 pia haikubali faili moja linalozidi GB 4, kwa hiyo sherehe ndefu ikate vipande.

Flashi za kughushi zipo, zile zinazojiita GB 64 na ndani kuna 8. Programu ya bure ya H2testw itakuambia ukweli. Ipime flashi kabla hujaondoka mjini, si baada ya kufika kijijini.

Ubaya wa njia hii ni deki zenye umri. Zina tundu, lakini zinakubali AVI peke yake, iliyobanwa kwa Xvid na yenye sauti ya MP3. HandBrake, ambayo kila mtu atakushauri uitumie, haitoi AVI, wala haitengenezi DVD. Kwa AVI tumia Avidemux, nayo ni ya bure.

Nafasi ya pili: raita ya nje ya USB

Raita ni kifaa cha kuchoma diski. Kwa mwenye laptopu, hili ndilo chaguo langu. Ni kisanduku chembamba chenye waya wa USB. LG, Asus na Transcend wametengeneza vizuri kwa miaka. Katika maplaza ya katikati ya Kampala utakutana pia na visanduku visivyo na jina, vyepesi kama karatasi. Baadhi hufanya kazi. Vingine ndani vina raita ya laptopu ya zamani iliyovaa koti jipya.

Muuzaji atakuambia, "Ssebo, hii ni USB 3.0, ina kasi." Usiongeze pesa kwa ajili ya maneno hayo. Raita nyembamba huchoma kwa kasi ya 8x, ambayo ni kama megabaiti 11 kwa sekunde, na USB 2.0 inabeba hiyo bila jasho. Kinachostahili kukusumbua ni umeme wa tundu lenyewe. Wakati wa kuchoma raita huvuta umeme mwingi, na tundu la laptopu iliyochoka linaweza kushindwa katikati ya kazi. Tafuta raita yenye waya wa vichwa viwili vya USB, na usiichomeke kamwe kwenye kigawanyio kisicho na umeme wake.

Nenda dukani na laptopu yako na diski tupu moja. Choma pale pale, muuzaji akitazama, kisha iingize kwenye deki ya hapo dukani. Kwa kasi ya 8x diski iliyojaa humalizika kwa dakika kumi hivi. Muuzaji atakayesema hana muda wa dakika kumi amekujibu swali lako.

Mtu atakayekuuzia raita ya "rijoni zote" kwa bei ya juu anakuchezea. Rijoni ni kufuli la diski za studio za filamu. Uganda iko rijoni 5, lakini diski unayochoma mwenyewe haina rijoni yoyote na itacheza popote.

Nafasi ya tatu: kompyuta ya mezani iliyotumika

Kama unachoma nyingi, tuseme kwaya ya kanisa inataka nakala sitini, raita ya ndani ya kompyuta ya mezani inaishinda ile nyembamba. Ina mota nzito, haitegemei umeme wa USB, na kwenye kompyuta zilizotumika mara nyingi inakuja ndani bila malipo ya ziada. Hakikisha ni ya SATA (aina ya kiunganishi cha ndani ya kompyuta), na kwamba imeandikwa DVD-RW au DVD±RW mlangoni. Ikiandikwa DVD-ROM inasoma tu, haichomi.

Kinachoiangusha hadi nafasi ya tatu ni umeme. Laptopu yenye betri nzima haijali umeme ukikatika, bali kompyuta ya mezani inazima na diski iliyokuwa inachomwa inageuka kisahani cha kuwekea kikombe cha chai. Raita za sasa zina kinga ya data inapochelewa kufika, ila kinga hiyo haiwezi kitu umeme ukiondoka. Bila UPS (betri ya akiba ya kompyuta) usianze jioni.

Nafasi ya nne: kuchomewa laibrari

Laibrari za filamu, zile zenye mabango ya filamu zilizotafsiriwa kwa sauti na watangazaji waitwao ma-VJ, nyingi zitakuchomea kwa malipo kidogo. Kwa diski moja ya mara moja maishani, nenda huko, usinunue raita. Sema wazi: "Nataka DVD ya kucheza kwenye deki, si ya data." Omba waicheze mbele yako hadi mwisho, si dakika ya kwanza tu, maana kasoro nyingi hukaa ukingoni mwa diski ambako kuchoma humalizikia. Video ya familia ikiwa ya siri, faili hubaki kwenye kompyuta yao, basi amua mwenyewe.

Hapa niseme pia kwamba ninazungumzia video zenu wenyewe, au ambazo mwenye kazi amekuruhusu. Sheria ya hakimiliki ya Uganda ya mwaka 2006 ipo, na kuuza filamu za watu si mambo ya mwongozo huu.

Nafasi ya mwisho: programu ya kulipia

Niliwahi kununua moja. Toleo la majaribio lilibandika jina lake katikati ya picha, juu ya uso wa bibi harusi, nikalipa kwa hasira. Wiki iliyofuata nikagundua DVDStyler, ambayo ni ya bure kwenye Windows, Mac na Linux, na inafanya yote niliyoyalipia. Windows Vista na 7 zilikuja hata na programu yao ya kutengeneza DVD, ila iliondolewa kuanzia Windows 8.

Ndani ya DVDStyler weka PAL na diski ya GB 4.7, buruta video zako, kisha usichome moja kwa moja. Iambie itoe ISO, yaani faili moja lenye diski nzima ndani yake. Kubadili video ndiko kunakochukua muda, saa kadhaa kwenye laptopu ya zamani, na ukishapata ISO unaweza kuichoma leo, kesho, au mara sitini bila kurudia. Kuichoma hakuhitaji programu nyingine: tangu Windows 7, ukibofya ISO kwa kitufe cha kulia unakuta amri ya kuchoma. Chagua kukagua diski baada ya kuchoma, hata kama inaongeza dakika.

Anayependa kuandika amri atapata faili tayari la DVD kwa FFmpeg hivi, kisha aliingize DVDStyler:

ffmpeg -i kwanjula.mp4 -target pal-dvd -aspect 16:9 kwanjula.mpg

Video nyingi za simu ni za fremu 30 kwa sekunde, na PAL ni 25, kwa hiyo watu wakicheza ngoma wanaonekana kama wanashtuka. Deki nyingi za kwetu husoma NTSC pia. Ukiona mshtuko huo, jaribu NTSC.

Diski: hapa ndipo pesa iende

Kama kuna mahali pa kutobana, ni hapa. Rahisi huvunja upishi, na DVD tupu za bei ya kutupa zinasoma vizuri siku ya kuchoma, halafu miezi michache baadaye picha inaganda. Mimi nanunua Verbatim kwenye mnara wa 50 uliofungwa nailoni, si zile za kuokotwa moja moja mezani juani. Rangi inayohifadhi data ndani ya diski huharibiwa na mwanga na joto, na diski iliyokaa wiki nzima kwenye jua imeanza kufa kabla hujainunua.

DVD-R au DVD+R? Kwa deki za zamani DVD-R ndiyo chaguo langu. Ilikuja mapema zaidi, 1997, na deki chache huikataa. DVD-RW inayofutika nunua moja tu ya kujaribia, ukijua kwamba inaakisi mwanga kidogo, hivyo deki yenye lenzi iliyochoka inaweza kuikataa huku DVD-R ikipita. Zile za tabaka mbili za GB 8.5 ziache. Ni ghali na deki za zamani husita katikati, tabaka zinapobadilishana.

Kuhusu urefu: GB 4.7 za kwenye ganda Windows huzionyesha kama 4.38, usidhani umeibiwa. Saa mbili zinapata kama megabiti 5 kwa sekunde, picha safi ya kutosha. Ukisukuma saa tatu kwenye diski moja, gomesi (magauni) za akina mama zinageuka ukungu wa rangi. Kwanjula ya saa nne iwe diski mbili, hata tatu. Tena, DVD ina mistari 576 tu, kwa hiyo usipakue video ya 1080. Ya 720 inatosha kabisa, na bando linakatwa asilimia 12 ya kodi tangu Julai 2021, kila megabaiti ina uchungu wake. Kama faili linakuja kwa WhatsApp, aliye nalo alitume kama hati, si kama video, la sivyo litabanwa hadi sura zisitambulike.

Choma kwa 8x au chini yake hata kama diski imeandikwa 16x, na funga diski ("finalize") ukimaliza, kwani deki haisomi diski iliyoachwa wazi. Usibandike karatasi juu yake, inaivuta upande mmoja ikizunguka. Andika kwa kalamu laini ya diski.

Diski ya tatu ya shangazi iliandikwa "Kwanjula 1/2". Ya 2/2 niliisahau juu ya meza, na alinipigia saa moja usiku kuuliza ng'ombe walikwenda wapi.