Koleusi: Tazama Kilele Kabla Hujalipa

Machi mwaka huu nilinunua miche sita ya koleusi, ua linalopandwa kwa ajili ya rangi za majani yake, kwenye duka kubwa hapa Houston. Majani mekundu, ukingo wa kijani, na kila mche umetoa suke jembamba la maua ya zambarau. Muuzaji akaniambia, "Hii ndiyo mizuri, imeshachanua." Kufika Juni nilibaki na vijiti: majani ya chini yamepukutika, shina limerefuka, rangi imepauka. Dada watatu wa hapahapa Texas wameniandikia kisa hichohicho, na kila mmoja anadhani alikosea kumwagilia. Hamkukosea, dada zangu. Mliuziwa mimea iliyokwisha kuchoka.

Koleusi ni ukoo mmoja na mrehani. Lipapase shina lake, lina pembe nne vilevile. Bibi yangu kule Tanga alikuwa akiamka asubuhi anapita barazani kuukwanyua mrehani wake vilele kwa ukucha, maana ukiachwa uchanue, majani yanadogoka na nguvu yote inakwenda kwenye mbegu. Koleusi ni hivyo hivyo. Rangi utaiona mwenyewe, haihitaji mwongozo. Wewe inama utazame kilele. Majani ya juu yakiwa mapana, chukua. Ukikuta vijani vidogo vimebanana safu nne, vimesimama kama suke changa la mtama, urudishe mezani hata kama ua lenyewe bado halijatokeza.

Katika aina za koleusi, ya kwanza kwangu ni ColorBlaze ya kampuni ya Proven Winners, na sifichi kwamba naipendelea. Huzalishwa kwa vipande vya matawi, na imechaguliwa makusudi ichelewe kuchanua. Mwaka jana nilipanda miwili upande wa mashariki wa nyumba, inapopata jua la asubuhi. Ikanifika kiunoni, na suke la kwanza nililikata mwishoni mwa Septemba.

Ya pili ni Kong. Jani lake moja linafunika kiganja changu chote. Ila hiyo ni ya kivulini: jua la saa nane mchana la huku huliunguza likakauka kama karatasi, na upepo mkali hulichana. Mwenye baraza iliyoezekwa aichukue bila wasiwasi.

Wizard ni ya mbegu, fupi, bei nafuu. Inafaa kingoni mwa bustani, lakini kukwanyua vilele kusikome.

Sasa bei. ColorBlaze naiuziwa dola 7, kikopo kidogo kinachoenea mkononi, na kibandiko kimeandikwa kuwa ni marufuku kuuzalisha mmea huo kwa sababu una hataza, yaani haki ya kisheria ya aliyeutengeneza. Hataza ya mmea hapa Marekani hudumu miaka 20. Naelewa kuna watu waliotoka jasho kuutengeneza. Lakini koleusi ukiitia tawi kwenye glasi ya maji, wiki mbili hazipiti ina mizizi! Kwetu ua la barazani haliuzwi. Unabisha hodi, unasalimia, unakatiwa tawi, unakwenda kulichomeka kwenye kopo la Kimbo. Mama yangu hakununua ua hata moja maishani mwake.

Jirani yangu hapa, mama wa Kikongo, aliisifu ile ColorBlaze yangu miwili msimu mzima. Ikabidi nimwelekeze dukani, akalipe dola 7 zake, na huku mlangoni kwangu kuna matawi ya kumkatia hata kumi.