Imeli inafunguka vizuri tu, mradi usitoke ofisini

Hii hasira nilikuwa nimeiacha, wallahi, lakini juzi nimepita na boda pale Kampala kwa wale mafundi waliotutengenezea imeli, nikaona wameweka bango jipya kubwaa, ati "mabingwa wa netiweki", damu ikachemka upya. Basi wacha niseme. Jina lao sitaji.

Sisi ni ofisi ndogo ya kliaringi, ya kutoa mizigo forodhani. Mzee yuko Kampala, mimi niko Malaba mpakani na vijana wawili, na seva ya imeli iko huko kwa Mzee chini ya meza ya mhasibu, ndiyo, chini ya meza, imepakana na flaski ya chai. Shida yetu ilikuwa ndogo tu, nifungue imeli ya kampuni nikiwa Malaba. Maana karatasi za mzigo zinakuja kwa imeli, sasa mhasibu anapiga picha skrini na simu yake anatuma WhatsApp, namba ya kontena ni herufi nne na tarakimu saba, picha ina ukungu, hujui hii ni 8 au 3, na dereva amesimama dirishani anakutazama kama wewe ndiye umemfungia geti.

Fundi wao akaja. Kijana nadhifu, kiatu kimechongoka, laptopu imejaa stika. Akashinda pale kutwa, akafungua poti kwenye rauta, yaani vile vimlango vya kupitia netiweki, 993 ya kusoma na 587 ya kutuma, halafu akatoa simu yake mfukoni akaturingishia, imeli hiyo hapo! Mzee akafurahi kama kaletewa mjukuu. Tukampa soda na laki nane.

Nikarudi Malaba. Nafungua, inazunguka. Nazima nawasha, inazunguka. Nampigia, "Madamu, mbona kwangu inafungua?" Kesho yake nampigia tena, ati ni netiweki ya huko kwenu kijijini. Kijijini! Malaba hii ambayo malori ya Kigali, ya Juba, ya Kongo yote yanapanga foleni mlangoni kwangu! Siku ya tatu ndo akatoa lile neno: "Nyabo, haya mambo ni ya kiufundi, wewe bonyeza tu kama ulivyoelekezwa."

Nikapanda matatu hadi Kampala. Sikumwambia mtu. Nikamwita pale pale kwenye meza ya mhasibu, nikamwambia ifungue nione, akafungua, ikafunguka, akatabasamu. Mi namtazama simu yake, juu pale kuna kile kialama cha waifai. Waifai ya ofisi! Nikamwambia ssebo, zima waifai, tumia data yako. Akaniangalia. Nikanyoosha mkono nikaizima mwenyewe, na imeli ikaanza kuzunguka, mzunguko ule ule wa Malaba niliokuwa nimeukariri. Mhasibu akainama chini ya meza kutafuta kalamu ambayo ilikuwa mkononi mwake.

Yaani mtu kapima mlango wa nje akiwa amekaa sebuleni, kalipwa, kaenda.

Walimtuma binti mmoja baadaye, bado anajifunza kazi, hata hakukaa kwenye kiti. Akaingia kwenye rauta, akasoma namba ya upande wa intaneti, akasema hii imeanza na 100.64, hii si namba yenu peke yenu. Akanieleza hivi: mnaishi kwenye mizigo, zile nyumba za vyumba vya kupanga, vyumba ishirini geti moja, ukitoka wewe askari anakufungulia, lakini mgeni akija anataka "chumba cha kliaringi" askari hamjui, anamrudisha. Kwa hiyo poti hata ungefungua mia moja, ni mlango wa chumba umefunguliwa na geti limefungwa. Sekunde mbili nimeelewa, na mimi nimesomea stoo!

Akakodi kiseva kidogo cha nje chenye namba yake halisi, akaweka WireGuard, programu ya bure hiyo, seva yetu ndo inatoka yenyewe kwenda kule, na mimi toka Malaba naenda kule kule, tunakutana katikati. VPN, basi. Jamani VPN Uganda ni nani haijui, tangu 2018 walipotuwekea ile kodi ya shilingi 200 kwa siku ya WhatsApp na Facebook hadi mama wa matooke alikuwa nayo ya kuikwepa, ila fundi mwenye stika haikumjia kichwani.

Sasa ngoja. Yule binti akaendelea kuchungulia rauta akakuta jamaa alifungua na 3389, ile ya kuingia kwenye kompyuta nzima ukiwa mbali, na paswadi ni jina la kampuni na 123. Akasema kama ile namba ingekuwa yenu kweli, wezi wangekuwa wameshabisha hodi. Kwa hiyo lile geti lililoninyima imeli ndilo hilo hilo lililotukinga, na hapo hata sijui nimkasirikie nani.

Nilitaka kuwapa sifuri. Lakini binti ni wa kwao, na tangu afanye kazi yake imekatika mara moja tu, nayo ni umeme wa Kampala. Basi nikasema nyota tatu, haki yake. Nne hata, kwa ile habari ya geti.

Halafu wiki iliyopita wameleta ankara. Laki tatu, "kazi ya ziada". Ziada ya nini, ya kutengeneza walichoharibu? Narudisha nyota zote, abaki nayo moja binti. Ankara yenyewe iko hapa mezani, nimewekea kikombe cha chai juu yake.